Shingo Imejaa Vipele, na Msimamizi Anataka Ninyoe Kila Siku

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni kijana wa miaka 27, naishi Nkuhungu hapa Dodoma na ni mlinzi wa kampuni binafsi. Lindo langu liko Mtumba, Mji wa Serikali. Naingia saa kumi na mbili asubuhi, kwa hiyo saa kumi na nusu alfajiri nakuwa nimeshasimama mbele ya kioo nanyoa. Kanuni ya kazini ni kwamba mlinzi asionekane na ndevu. Msimamizi wa zamu anatukagua tukiwa kwenye mstari, anakupitishia mgongo wa kiganja shavuni, na akihisi mkwaruzo anakurudisha nyumbani. Siku hiyo hulipwi.

Shida yangu ni shingo. Tangu nianze kunyoa kila siku, kuanzia chini ya taya mpaka kwenye koromeo pamejaa vipele vigumu. Vingine vina usaha, vingine vimeshapona lakini vimeacha madoa meusi. Kola ya sare inavikwangua mchana kutwa, na asubuhi mke wangu anakuta vitone vya damu kwenye foronya. Msimamizi ameshaniambia mbele ya wenzangu kwamba shingo yangu ni kama ya kuku aliyenyonyolewa, eti nijifunze kunyoa vizuri zaidi. Nami kadiri ninavyonyoa vizuri zaidi ndivyo vinavyozidi.

Natumia viwembe vya plastiki vyenye makali mawili au matatu, kimoja shilingi 1,000, na nikikitumia mara mbili kimekwisha. Napaka sabuni ya mche, ambayo nayo kwa maji ya kisima chetu haitoi povu, inaganda tu usoni. Saluni wananitoza 3,000, siwezi kwenda kila siku kwa mshahara huu.

Sasa baba mkwe alipofariki, kwenye sanduku lake tulikuta mashine ya kunyolea ndevu ya zamani, ya chuma, ile unayozungusha mpini kichwa kikafunguka ukaweka wembe wa kawaida. Ina ukoko mweupe na kutu kidogo kwenye skrubu. Wenzangu wa lindo wananiambia nitajikata koo. Mmoja anasema niachane nayo, nipake spiriti kila nikimaliza kunyoa. Mwingine anasema nitumie dawa ya unga ya kunyolea. Mdogo wangu anayesoma UDOM, ambaye naishi naye, anasema krimu na brashi ni mambo ya wenye hela, ila hiyo mashine anaitaka tuitumie wote wawili.

Nina shilingi 15,000 niliyoitenga kwa ajili ya jambo hili. Nifanye nini, Mjomba?

Mlinzi, Nkuhungu


JIBU LA MJOMBA

Marahaba mpwa wangu, na pole sana.

Neno lililonikaa katika barua yako ni lile la msimamizi, kwamba ujifunze kunyoa vizuri zaidi. Hapo ndipo penye kiini cha ugonjwa. Ngozi yako haina uchafu, na wewe si mzembe. Unanyoa kwa kina kupita kiasi, na ndevu zako ni za aina isiyovumilia jambo hilo.

Ndevu za kipilipili kama zetu hazitoki kwenye ngozi zikiwa zimenyooka. Kile kishimo zinamoota kimepinda, na unywele unachomoza ukiwa tayari umeanza kujikunja. Ukiukata usawa wa ngozi unaacha ncha kali. Siku mbili tatu baadaye ule unywele umerefuka kidogo, umepinda, na ncha yake imerudi kuchoma ngozi palepale jirani. Mwili unauchukulia kama kitu kigeni kilichoingia, unapambana nacho, na wewe unaona kipele. Kiwembe chenye makali mawili au matatu kinaongeza balaa juu ya hilo: kali la kwanza linaunasa unywele na kuuvuta, linalofuata linaukata ukiwa umevutwa, halafu kilichobaki kinarudi ndani, chini ya uso wa ngozi. Unywele huo unatoboa nyama ukiwa humohumo ndani, wala haujaona jua. Ule ulaini ambao msimamizi wako anautafuta kwa mgongo wa kiganja ndio unaozaa vipele anavyovilalamikia.

Kwa hiyo kabla ya mashine, krimu na brashi, badilisha lengo. Unataka uso nadhifu, wenye ndevu fupi sana zilizolingana, ambazo kwa macho hazionekani na kwa mkono zinakwaruza kidogo tu. Ukiendelea kutafuta kung'aa, hakuna kifaa cha bei yoyote kitakachokuponya.

Na shingo yenye usaha hainyolewi kwa wembe wa aina yoyote, hata wa baba mkwe. Ipumzishe kwanza. Madaktari wa ngozi huwaambia watu wenye hali kama yako waache wembe kwa wiki tatu au nne hivi, mpaka vipele vitulie. Najua kazini hawatakuelewa kwa maneno matupu, kwa hiyo nenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, hapo General, uonane na mtaalamu wa ngozi akupe matibabu na umwombe akuandikie cheti cha kuonyesha kwamba hupaswi kunyolewa kwa wembe kwa muda huo. Usione aibu kuomba karatasi hiyo; hali hii inatambulika kitabibu na daktari anaijua vizuri. Wakati unasubiri, mwambie kinyozi apitishe mashine ya umeme iache ndevu za kama milimita moja. Hilo linatosha mara moja au mbili kwa wiki. Mwambie pia asichonge kingo kwa wembe, na akisafishe kichwa cha mashine mbele ya macho yako.

Asubuhi na jioni weka kitambaa safi kilicholowanishwa maji ya uvuguvugu shingoni, dakika tano hadi kumi. Ukiona unywele umejikunja umeingia ndani, unyanyue tu kwa ncha ya sindano uliyoisafisha, utoke nje, kisha uache. Usiung'oe. Ukiung'oa utaota upya kutoka chini na safari itaanza tena.

Ngozi ikishatulia, mashine ya baba mkwe inafaa, na kwa shingo kama yako inafaa kuliko hivyo viwembe vya plastiki, kwa sababu ina kali moja tu linalogusa ngozi kwa wakati mmoja. Hakuna la pili la kuja kukata unywele uliovutwa. Wenzako wanaogopa bure. Mashine hizi ziliingia sokoni Marekani mwaka 1903, zikiuzwa na King Camp Gillette, na kazi yake ilikuwa kumwezesha mtu ajinyoe mwenyewe bila kushika wembe mtupu kama wa kinyozi. Kile kichwa kinaubana wembe pande zote na kuacha ukingo mwembamba tu ujitokeze. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika, jeshi la Marekani liliwagawia askari wake kwa mamilioni. Wewe nawe ni mtu wa sare. Kifaa hiki kimewahudumia wa sare wengi kabla yako. Na wembe unaouzwa kwa Mangi hapo mtaani, wenye makali pande mbili na tundu refu katikati, utaingia bila shida, kwa maana umbo hilo halijabadilika tangu kama miaka ya 1930.

Isafishe hivi. Ifungue vipande vyote. Ule ukoko mweupe ni chokaa ya maji yetu. Kamulia ndimu au limau, acha dakika chache, sugua kwa mswaki wa zamani, suuza. Usiiache kwenye limau usiku kucha, asidi itayala madini yaliyopakwa juu ya chuma. Kutu ya kwenye skrubu isugue kwa mswaki na tone la mafuta. Mwisho itumbukize kwenye maji ya moto yenye sabuni, suuza, kausha. Kisha weka wembe mpya, kaza, na uitazame kwa usawa wa jicho: upande wa kushoto na wa kulia wembe uwe umejitokeza sawasawa. Ukiona umelala upande mmoja, legeza, panga, kaza tena. Kama haukai sawa kila ukijaribu, au kichwa kimepinda, iweke iwe kumbukumbu ya mzee na ununue nyingine.

Sasa maji, na hapa ndipo watu wengi wa Dodoma wanapoumia bila kujua. Maji ya visima vingi vyetu ni magumu, yana madini mengi. Sabuni ikikutana na madini hayo haitengenezi povu, inatengeneza ule utando unaoganda usoni ulioueleza. Wembe unapita kwenye ngozi kavu huku wewe ukidhani umepaka kitu. Tena sabuni ya mche imeundwa kuondoa mafuta kwenye nguo, na inaondoa na ya ngozi yako vilevile. Mwezi wa Juni mpaka Agosti, upepo huu mkavu wa kwetu ukivuma, ngozi ya namna hiyo inapasuka yenyewe hata bila wembe.

Dawa yake ni ndogo. Kunyoa ndevu kunahitaji kikombe kimoja au viwili vya maji, si ndoo. Chemsha maji hayo, yaache yatulie mpaka ule unga mweupe ukae chini, kisha mimina ya juu taratibu. Kuchemsha kunaondoa sehemu ya ule ugumu, ingawa chumvi haiondoki. Maji ya mvua ni bora zaidi, kwa hiyo msimu wa mvua ukija, Desemba kuelekea Aprili, kinga dumu moja la kunyolea na ulifunike vizuri. Utashangaa povu lilivyo.

Krimu nayo si ya wenye hela, mdogo wako hajapiga hesabu. Nunua ya tyubu, si ile ya kopo linalopuliza povu. Kopo lina maji na gesi kwa wingi na linakwisha upesi. Kiasi cha punje moja ya harage kinatosha uso mzima. Tyubu ya gramu 100, ukitumia gramu moja na nusu kila unaponyoa, inakwenda zaidi ya mara 60. Nyembe tano hazifiki bei ya viwembe vyako viwili, na wembe mmoja unakupa mara tatu au nne bila kuvuta. Katika 15,000 yako anza na nyembe na krimu. Pita kwenye maduka ya vipodozi kuzunguka Soko la Majengo au Machinga Complex, ulinganishe bei. Brashi ije mwisho, hela ikibaki. Ya nyuzi za plastiki laini inatosha kabisa, na inakauka haraka. Inasaidia kunyanyua ndevu na kusambaza povu, lakini vidole safi vinaweza kukutoa mpaka mshahara ujao. Krimu ikikwisha katikati ya mwezi, tumia sabuni ya kuogea yenye glisarini, lakini ya mche iache kwenye nguo.

Kuhusu kunyoa kwenyewe, nakuomba uhame kutoka alfajiri kwenda usiku. Saa kumi na nusu una haraka, kisha dakika chache baadaye unaifungia kola juu ya ngozi iliyotoka kukwanguliwa. Nyoa usiku baada ya kuoga, ngozi ilale imetulia. Asubuhi bado utakuwa nadhifu.

Kabla ya siku ya kwanza, zijue ndevu zako. Zikiwa za siku mbili, pitisha kidole pande zote. Kule kidole kinakoteleza ndiko zinakoelekea, kule kinakokwaruza ni kinyume chake. Mashavuni karibu kila mtu zinashuka. Shingoni ni fujo: upande mmoja zinaweza kushuka, mwingine zikapanda, chini ya taya zikazunguka. Chora ramani hiyo kichwani, maana utaifuata kila mara.

Lowanisha ndevu kwa maji ya uvuguvugu dakika mbili au tatu. Unywele ulionyonya maji unavimba na kulainika, na wembe unaukata kwa nguvu ndogo zaidi. Paka krimu, zungusha, iache ikae dakika moja. Kisha weka kichwa cha mashine shavuni mpini ukiwa umelala mlalo, ushushe polepole mpaka usikie makali yamegusa. Hapo mpini utakuwa umeinama, pembe ya wembe na ngozi kama nyuzi 30. Ibakize hapo. Usikandamize hata kidogo. Mashine ya chuma ina uzito wake na huo unatosha. Mazoea ya kiwembe cha plastiki ni kukandamiza, na mazoea hayo ndiyo yatakayokukata, si mashine. Shusha kwa hatua fupi za sentimita mbili, suuza, endelea. Anza mashavu, njoo shingo, malizia kidevu na sharubu, kwa kuwa huko ndevu ni nene na zinahitaji kulowa zaidi. Kwenye koromeo, sogeza ngozi kidogo pembeni ili unyoe juu ya sehemu bapa, lakini usiivute ikakaza. Ngozi iliyokazwa ikiachiwa inameza nywele, nawe umeshajua zikimezwa kinatokea nini.

Pita mara moja tu, kufuata ramani. Usirudi juu, wala usirudie sehemu isiyo na povu kwa sababu umehisi kamkwaruzo. Hapo ndipo mkono utataka kukusaliti, hasa ukikumbuka ukaguzi wa asubuhi. Acha. Na kama utaweza kuruka siku moja katikati, ngozi itakushukuru.

Ukimaliza, nawa maji ya baridi, kausha kwa kugusagusa na taulo safi. Palipotoka damu, lowanisha jiwe la shabu, lile wanalotumia vinyozi, uguse hapo. Liwe lako peke yako. Spiriti usipake. Inachoma, inakausha, na haifiki kwenye unywele uliojificha ndani. Badala yake, ngozi ikiwa bado na unyevunyevu, paka tone moja au mawili ya mafuta ya alizeti, haya tunayokamua wenyewe hapa kanda ya kati, yenye asili ya kuhifadhi ngozi. Tone, usijimwagie.

Ile dawa ya unga inayeyusha unywele kwa kemikali na kuuacha na ncha butu, ndiyo maana wapo wanaopona vipele kwa kuitumia. Lakini inaunguza, na ukiizidishia dakika au ukaipaka juu ya vipele vilivyo wazi utapata kidonda. Kwa shingo yako ya sasa nakukataza. Baadaye, kama utaitaka, ijaribu kwanza sehemu ndogo mkononi, ungoje siku nzima, na isiwe jambo la kila siku.

Msimamizi wako muone faraghani, si kwenye mstari. Mpe cheti cha daktari, mweleze kwamba ndevu zako utaziweka fupi kiasi cha kutoonekana, na umwombe akukague kwa macho badala ya kukupapasa. Mtu anayelinda ofisi anapaswa kuonekana nadhifu, na shingo iliyopona ni nadhifu kuliko shingo laini inayovuja damu kwenye kola. Akikataa, peleka karatasi hiyo ofisini kwa wanaohusika na wafanyakazi.

Mdogo wako anunue mashine yake. Najua ni ndugu yako wa tumbo moja, lakini wembe unabeba damu hata usipoiona, na virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili siku 7 au zaidi. Mpaka atakapopata yake, aende kwa kinyozi.

Nyembe zilizokwisha usizitupe kwenye ndoo ya taka. Anayezoa taka mtaani kwenu anatumia mikono mitupu. Chukua kopo tupu la maziwa ya unga, toboa mwanya mwembamba kwenye mfuniko, ziwe zinadondokea humo, na ulifunge kwa utepe. Linachukua nyembe za muda mrefu sana. Likijaa lipeleke zahanati, uwaulize kama watalichukua pamoja na vitu vyao vya ncha kali.

Vipele vikianza kuvimba na kuwa mabonge magumu yanayokua hata baada ya kuacha wembe, au ukipata homa na uwekundu unaosambaa, usisubiri hizo wiki nne. Rudi hospitali wiki hiyohiyo.

Mjomba